Mawese Hayana Ng'ombe

Kwa maharage ya mawese sina mpinzani Kasulu nzima, na anayebisha aje na sahani yake. Kwa hiyo daktari alipomwambia mume wangu kwamba lehemu, yaani kolesteroli, imepanda kwenye damu, aache nyama ya mafuta na siagi la sivyo moyo utamgeuka, sikubabaika sana. Niliogopa kidogo, maana kaka yake alianguka shambani kule Kitahana jembe likiwa mkononi, na hakuamka tena. Lakini la kufanya nilikuwa nalijua.

Nyama nikaifuta. Maziwa nikawapa majirani. Halafu, kwa kumhurumia mzee wa watu, nikazidisha mawese: kwenye maharage, kwenye sombe, kisamvu chetu, mpaka kwenye dagaa. Mawese yanatoka mtini, ng'ombe anaingiaje hapo? Mume wangu hakunung'unika. Stendi, penye nyama choma, alipita ameinamisha uso kama anayepishana na mama mkwe.

Miezi mitatu baadaye tukarudi kupima. Lehemu imepanda zaidi. Daktari akauliza napikia mafuta gani.

"Mawese," nikasema kwa kujidai. "Ya mti."

"Mama, mwezi wa sita, na baridi yetu hii, asubuhi unayakutaje?"

"Yameganda. Nayasogeza kwenye moto yayeyuke."

Akanieleza taratibu. Mawese yenyewe hayana lehemu, kweli, lakini mafuta yanayoganda hivyo, yawe ya ng'ombe au ya mti, yakizidi yanalifanya ini lishindwe kuiondoa lehemu mbaya kwenye damu, nayo inajibandika ndani ya mishipa ya moyo. Nipikie alizeti, na hayo nayo kidogo. Mawese nikiyatamani sana, kijiko, si upawa.

Miezi mitatu nilikuwa namchimbia mume wangu kaburi kwa upawa, huku namwambia, "Ongeza, baba, bado yapo."

Kabla sijafungua mdomo, yeye akakohoa.

"Daktari, usimsumbue mama watoto. Kosa ni langu. Nyama choma za stendi, kila jioni, kwa kujificha."

Mwongo mkubwa. Mtu ambaye hakuonja hata mnofu anakubali kuitwa mlafi mbele ya daktari, kijana wa kumzaa, ili mimi nisitoke pale na aibu. Nilitaka kulia, hasira zikawahi. Nikampiga kiwiko.

"Andika mawese, daktari," nikasema. "Upawa mzima, kila siku, na mpishi ni mimi. Huyu anakudanganya, nami bado namtaka."