Mchezo Ambao Opereta Hakusimuliwa

Hospitali nzima ilimwita Opereta, na jina likamganda hata baada ya kustaafu kazi ya swichibodi. Alikuwa haoni tangu utotoni. Miaka yote aliyounganisha simu za watu ilimfundisha jambo moja: anayekuambia hakuna tatizo, huyo ndiye mwenye tatizo. Hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Muuza samaki alimkoma, fundi cherehani alimkoma, na shemeji yake alipomwambia pazia jipya ni la buluu, alizunguka kwa majirani kuhakikisha.

Mtu mmoja tu alisamehewa uchunguzi huo, naye ni bintiye. Binti ndiye aliyemsomea ujumbe wa simu, ndiye aliyemwambia bila kuzunguka kwamba gauni lina doa. Opereta alijisifu mbele za watu kuwa mwanawe hajawahi kumdanganya. Siku akinidanganya, alisema, sitajua tena nimshike nani mkono.

Binti alikuwa mwigizaji. Ukumbi wao ulikuwa umeanzisha utaratibu mpya kwa wasioona. Kabla ya mchezo, wageni walipandishwa jukwaani wapapase vyombo na mavazi. Mchezo ukianza, walivaa spika za masikioni, na msichana aliyekaa kwenye kibanda cha vioo kule nyuma aliwasimulia yanayoonekana, akidakiza pale waigizaji wanaponyamaza. Binti alimwambia mama yake kwamba yeye anaigiza muuguzi. Basi mama akavaa viatu vyake vya sherehe akaenda.

Msimulizi mwenyewe alimpokea mlangoni. "Shikamoo, mama. Karibu, jisikie uko nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani najua viti vilipo," alijibu Opereta.

Jukwaani alipapasa meza, kikombe cha bati, mlango uliosimama peke yake bila nyumba. Alipapasa koti la mzee na kanga ya jirani, vyote vimetundikwa kwenye kamba.

"Na vazi la binti yangu?"

"Lake... lipo kwa fundi, mama. Lilichanika kidogo."

Sauti ilipanda mwishoni. Opereta alizijua sana hizo sauti za kupanda mwishoni. Ndizo walizotumia madaktari walipotaka aseme hawapo ofisini. Machale yakamcheza, lakini alikwenda kukaa.

Msimulizi hakuwa mbaya, lazima isemwe. "Mzee anafungua bahasha. Mkono unamtetemeka." Maneno machache, kisha anawapisha waigizaji. Opereta alianza kunogewa, na kunogewa kwenyewe kukamtia wasiwasi. Ghafla ukumbi ukaangua kicheko. Masikioni mwake, kimya. Watu wakacheka tena, na spika bado zimenyamaza.

"Kuna nini?" alimnong'oneza jirani yake, mwanamume ambaye naye alikuwa haoni.

"Hata mimi nimeachwa hapa hapa," alisema yule bwana.

Sauti ikarudi. "Muuguzi ameingia."

Muuguzi gani wa kuchekwa kwa kuingia? Opereta akazivua spika na kutega masikio. Alisikia viatu vikiburuzwa kidogo. Kisha, to! Ulimi umegongwa kwenye kaakaa. To! tena. Tangu utotoni yeye hugonga ulimi hivyo akikaribia mlango, sauti imrudie imwambie uwazi uko wapi. Hakuna muuguzi anayetafuta mlango kwa ulimi. Aliyekuwa anatembea pale mbele ni yeye Opereta, na watu walikuwa wanashika mbavu.

Aliumia. Alitaka kuondoka, lakini kupapasa njia kupita magoti ya watu safu nzima kungewapa kichekesho cha pili. Akakaa hadi mwisho, akiwaza kwamba mtoto wake wa kumzaa anakula mshahara kwa kumla yeye kisogo.

Ukumbi ulipobaki mtupu, msimulizi alikuja kukusanya spika.

"Kwenye swichibodi," Opereta alimwambia, "anayemkatia mtu makusudi anafukuzwa kazi."

"Siyo mimi, mama. Ni dada mwenyewe aliniomba."

Dada mwenyewe alikuwa anakuja, ananukia poda.

"Muuguzi hajambo?" aliuliza mama yake.

"Mama, nilijua nikikwambia hutakuja."

"Na nimekuja nikachekwa."

"Umechekwa, ndiyo. Sikatai."

"Haya, nionyeshe. Hicho ulichowaonyesha wao, nami nionyeshe."

Wakapanda jukwaani. Binti aliichukua mikono ya mama yake akaiweka mabegani mwake, akaanza kutembea. Shingo imeinama upande, sikio limetangulia. Opereta alikubali kimoyomoyo kwamba ndivyo.

"Hapa ndipo wanapocheka?"

"Bado."

Binti alichukua kile kikombe, akakipeleka puani badala ya mdomoni, akatulia hapo. Mikono ya mama ikapanda usoni. Nyusi zimekutana. Midomo imebanwa. Taya limekazwa kama la mtu anayehofia kuwekewa sumu. Opereta alipapasa upya, taratibu, kuanzia paji la uso.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Nikiwa na muuza samaki."

"Hapana." Sauti haikupanda popote. "Huo ndio uso unaonipa mimi nikikuletea chai. Kila asubuhi, tangu nijue kuwasha jiko."

Msimulizi alijifanya anakunja nyaya.

Opereta aliishusha mikono. Aliona haya. Siku zote aliamini kwamba moyo ukishamwamini mtu, uso nao unapata habari.

"Kesho mnacheza tena?" aliuliza.

"Tunacheza."

"Nitakuja." Akageukia upande zilikosikika nyaya. "Na wewe, mwanangu, ukifika hapo kwenye chai, wasimulie na wenzangu uso wangu ulivyo."