Mama Vaa na Vidole vya Glavu

Shangazi yangu ana neno moja la kazi, nalo ni "Vaa." Ukifika dirishani kwake stoo huna miwani ya kinga, vaa. Ukilalamika kwamba aproni ni nzito, vaa. Ukimweleza kwamba joto limezidi, kwamba wewe ni mtu mzima mwenye akili zako na kwamba kazi yenyewe ni ya dakika mbili tu, atakusikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, kisha atasukuma glavu juu ya ubao wa dirisha na kusema vaa. Karakana nzima inamwita Mama Vaa. Hata mimi, niliyezaliwa na mdogo wake wa tumbo moja, namwita hivyo akiwa mbali.

Nataka kusimulia ile siku ya vidole, na nitajitahidi nisirukie mwisho, maana kila nikiikumbuka mwili unanisisimka na maneno yanagombania mlango.

Karakana yetu inafufua vyuma. Vitanda, viti na mageti vinaletwa vimeliwa na kutu, vinatoka vinang'aa. Kazi inaanzia kwa baba yangu. Yeye anafuta rangi ya zamani na grisi kwa thina, kwenye meza ndefu iliyo uani chini ya bati. Halafu anakitumbukiza chuma kwenye tangi la tindikali ili kutu iachie. Kikishaoshwa na kukauka kinakuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye mpuliza rangi, na nikisema mwenyewe kwamba mkono wangu ni mzuri sitakuwa nimedanganya.

Shangazi ndiye mwenye stoo, na hakuipata kwa kujuana. Zamani alikuwa anaosha vyuma yeye mwenyewe. Siku moja alichomeka suruali ndani ya buti, kama walivyofanya wote, tindikali ikamwagika, ikateremka na suruali hadi ndani, ikatulia kwenye kifundo cha mguu. Kovu lipo mpaka leo, na mgeni yeyote wa karakana huonyeshwa siku ya kwanza. Tangu hapo kwetu suruali hufunika buti. Tangu hapo pia alianza kusoma kila lebo ya kila pipa, hata zile zilizochakaa, akiinama na miwani yake puani. Alitufundisha kuinasa hewa ndani ya glavu na kuiminya karibu na shavu ili kusikia kama imetoboka. Alitufundisha kukunja mdomo wa glavu kwa nje, ili ukiinua mikono matone yasikimbilie kwapani. Barakoa yangu ya kupulizia rangi hutoka kwake ikiwa ndani ya kopo lililofungwa, kwa kuwa kichujio kikiachwa wazi kinakunywa harufu ya bure usiku kucha na asubuhi hakina kazi. Mtu wa namna hiyo hakosei. Ndivyo tulivyoamini, na yeye alikuwa wa kwanza kuamini.

Sasa tatizo lilikuwa mikono ya baba.

Ilikuwa imeharibika. Ngozi ilipasuka kati ya vidole, ikawa nyekundu, ikapona nusu, ikapasuka tena. Kwa miaka miwili hakuweza kufunga kifungo cha shati. Mama alimfungia siku za mwanzo, baba akaona aibu, akaanza kuvaa fulana kila mahali na kutuambia kwamba mashati yanambana. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mikono ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka, aagane na kazi hii. Baba aliporudi nyumbani aliuliza akiacha vyuma atafanya nini, ahesabu kuku? Na kuku wenyewe hatuna. Tulicheka, lakini mimi nilikwenda kulilia jikoni.

Kila mara alimwambia dada yake kwamba zile glavu nyeusi zinamwasha. Jibu mnalijua. Wakati mwingine alizivua kwa siri na kufuta kwa mikono mitupu, Shangazi akamfuma, ikawa vita. Hoja yake ilikuwa nzito na sote tuliikubali. Glavu nyeusi, nene, ndefu hadi kiwiko, zimezuia tindikali kwa miaka sita bila tone kupita. Tindikali inakula chuma, thina inafuta rangi tu. Kinachomzuia simba, alikuwa anasema, paka atapitia wapi?

Basi asubuhi moja akaja muuzaji wa vifaa na sanduku lake. Bosi alitaka kuagiza glavu za mwaka mzima, aina moja ya kutosha karakana yote, na akasema atatia saini saa kumi jioni. Muuzaji akatoa sampuli nne juu ya benchi, akazisifu nyeusi kwamba zinafaa kila kitu. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesifiwa yeye. Hapo baba akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini kabisa, "Zikija hizo tena kwa mwaka mzima, mimi naaga leo."

Shangazi aliiva uso kwa hasira. Kupingwa na mdogo wake mbele ya bosi na mbele ya mgeni, jambo hilo halikuwahi kutokea tangu karakana ijengwe. Akachukua mkasi. Akasema sawa, leo tutaona nani anawashwa na glavu na nani anawashwa na uvivu. Bosi, ambaye akisikia neno mashindano husahau hata simu inayoita, akavuta kiti.

Alikata vidole vya kila aina ya glavu. Vya ile nyeusi, vya ile ya plastiki ya njano, vya ile ya bluu, na vya aina ya nne ambayo ilituchekesha sote. Ilikuwa ya rangi ya fedha, bapa, haina kulia wala kushoto, mfuko wa mkate uliokatwa umbo la mkono. Fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, aliivaa akatupungia hadi bosi akafuta machozi ya kicheko. Shangazi hakucheka. Alijaza chupa nane za mdomo mpana, nne thina na nne tindikali, akatumbukiza kidole kimoja kila chupa, akafunga vifuniko, akabandika majina. Akazipanga kivulini kwenye rafu ya uani. Cheche akaamriwa ahamishie moto wake upande wa pili wa ukuta mpaka jioni, na akahama, ingawa kila dakika kumi alirudi kuchungulia.

Tukawekeana dau. Atakayeshindwa afagie uwanja wiki nzima. Karibu wote walichagua nyeusi. Mimi nilichagua bluu kwa sababu rangi naijua. Baba peke yake alichagua mfuko wa mkate, na alipoulizwa sababu akasema anaionea huruma, haina mtu.

Jamani, mimi nimeangalia mpira, nimeangalia uchaguzi, lakini sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja zile chupa. Saa nne asubuhi Cheche alikuja mbio akasema nyeusi imenenepa. Shangazi akasema ni kioo cha chupa kinachokuza mambo. Saa sita tulikula tumesimama, sahani mkononi, macho kwenye rafu, tukikanyagana. Kile kidole cheusi kwenye thina kilikuwa kinene kweli, na kile changu cha bluu kilianza kujikunja na kuvimba, nikauona ufagio wangu. Saa nane hakukuwa na mtu aliyebishana tena kuhusu kioo. Shangazi aliacha kuja kwenye rafu. Alikaa stoo akipanga buti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa kumi kasorobo bosi akaita. Shangazi alitoka na koleo na trei, akasimama mbele ya chupa za thina. Kwa mazoea ya miaka sita akavaa glavu zake nyeusi. Akainua koleo. Mkono ukasimama hewani.

Akaangalia glavu mkononi mwake. Akaangalia chupa. Kisha akazivua taratibu, akaziweka pembeni, akaichukua ile moja ya fedha iliyobaki nzima na kuitia mkono wa kulia.

Nakwambia, pale sote tulielewa kabla hajafungua chupa hata moja. Baba alikuwa amesimama karibu nami, mikono nyuma ya mgongo, kama anavyosimama siku zote ili watu wasiione.

Aliitoa bluu, imevimba na kulegea. Akatoa njano, iliyokakamaa ilipopigwa na hewa, ukiikunja inapasuka. Akatoa nyeusi. Ilikuwa imekua karibu mara mbili, na alipoivuta kidogo tu kwa koleo ikakatika katikati, kama mkate uliolowa kwenye chai. Kile kidole cha mfuko wa mkate kilitoka kama kilivyoingia. Zikafuata chupa za tindikali, na huko nyeusi ilikaa vilevile, haina hata doa.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake. Angeweza kumwonyesha bosi ile ya tindikali, akasema mnaona, chaguo langu lilikuwa zuri, na asingekuwa amesema uongo. Nami namjua Shangazi, tangu nizaliwe sijamsikia akisema nimekosa. Aliweka trei chini. Hakumgeukia bosi, alimgeukia baba.

"Miaka sita umeniambia zinakuwasha," akasema, "na mimi nikakujibu neno moja. Kumbe thina ilikuwa inapita, halafu glavu inaifungia humo humo na ngozi yako. Niliyekuharibu mikono ni mimi, mdogo wangu. Na nilikuwa nakupigia kelele."

Nikadhani baba ataondoka. Kisha akatoa mikono yake mgongoni, mbele za watu, akaitazama.

"Na nilipozivua nikaishika thina mikono mitupu," akasema. "Hukuiharibu peke yako, dada. Tulisaidiana."

Cheche ndiye aliyeanza kucheka, halafu sote tukalipuka, na Shangazi akawa analia na kucheka kwa pamoja huku ule mfuko wa mkate ungali mkononi, akijizuia kujifuta uso kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kutojigusa. Ilibidi bosi amfute kwa leso yake.

Bosi alitia saini kwa aina mbili. Nyeusi kwa tangi la tindikali, ya fedha kwa meza ya thina, na glavu nyingine pana ya kuvaa juu yake ili vidole vishike vizuri. Lakini Shangazi hakuridhika na chupa za siku moja. Alimuuliza muuzaji kama wanaotengeneza glavu hizi hawajaandika popote ni aina gani inazuia kitu gani na kwa muda gani. Yule bwana, hata haya hana, akafungua mkoba na kutoa karatasi. Alikuwa nayo tangu asubuhi. Nyeusi kwa thina ilikuwa imeandikwa dakika chache tu, na hata hiyo ya fedha ilikuwa na muda wake wa kubadilishwa. Nilimtazama kwa hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Shangazi aliisoma yote amesimama, akaibandika kwenye dirisha la stoo, na hakuna glavu inayopita pale bila kidole cha Shangazi kutembea kwanza kwenye ile karatasi.

Kile kipande cheusi kilichokatika amekihifadhi kwenye chupa kavu juu ya rafu yake. Ndicho anachoonyesha wageni siku hizi, kabla ya kovu. Na neno lake bado ni lile lile, asidhani mtu kwamba amelainika. Lakini ukimwambia kitu kinakuwasha, anaweka kalamu chini, anashusha miwani na kuuliza, "Inawasha wapi?" Halafu anangoja jibu. Wiki nzima tuliyofagia uwanja sisi tulioshindwa, alikuwa akiniuliza hata ufagio unanichubua wapi.

Baba hakuaga. Dawa ya daktari, ambayo hapo awali ilikuwa inapambana na thina kila siku, sasa ilipata nafasi. Mwezi wa kwanza mipasuko ilifunga. Wa pili akaanza kushika kijiko bila kukunja uso. Daktari akampa muda zaidi, akasema aendelee, atamtazama tena.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Nilikuwa dirishani kwa Shangazi nachukua kopo la barakoa yangu nilipomwona baba akiingia getini amevaa shati. Shati lenyewe, la mikono mirefu, la vifungo saba. Mama baadaye aliniambia kwamba baba alikaa nalo kitandani muda mrefu na kumkataza asimguse. Alikuwa amelifunga mwenyewe, lakini alianza na kifungo kisicho chake, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa juu na mwingine umening'inia chini, na kola imekaa upande.

Mnamjua Shangazi. Mtu huyu hawezi kuona kamba ya aproni imelegea akanyamaza. Mkono wake ulishatoka nje ya dirisha kuelekea kwenye lile shati, nikaona vidole vimefika karibu na kifungo cha kwanza. Baba alisimama wima, akamngoja. Mkono ukarudi ndani, ukatoka na glavu zake mbili, za fedha na zile pana za juu.

"Vaa," akasema, na baba akapita na shati lake vilevile lilivyo, akafanya nalo kazi mpaka jioni.