Mama Pindo na Hostia Inayoshushwa

Alizaliwa magoti yakitangulia. Mkunga aliyempokea alikuwa mwanamke wa kazi, asiye na muda wa maono, lakini siku ile alipaza sauti chumba kizima kikasikia: "Haya jamani, huyu anakuja ameshapiga magoti!" Mama yake, aliyekuwa hoi kwa uchungu, alicheka huku analia, na kicheko hicho kilihadithiwa katika familia ile miaka na miaka. Sisi tunamkumbuka kwa jina la kazi, Mama Pindo, kwa sababu maisha yake yote alishona mavazi ya ibada, na pindo la kasula, vazi la juu la padre, aliyoishona yeye, hata ukiligeuza ndani nje, huoni uzi ulipoanzia. Hakuolewa wala hakuzaa. Umama alipewa na waumini wenyewe, bila kuulizwa kama anautaka.

Alipokuwa bado mdogo wa kubebwa, baba yake alimpandisha mabegani wakati wa Misa. Kengele ikalia, padre akainua Hostia, ule mkate mtakatifu, na mtoto akaiona nyeupe juu ya vichwa vyote, kama imesimama yenyewe hewani. "Baba," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanakwaya, "ananiangalia!" Watu wakacheka, si unajua watu. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja kubwa kuliko zote: kengele ikilia, ainue macho yake aangaliwe tena.

Alijifunza kushona kwa shangazi yake, na alipokuwa msichana mkubwa alikabidhiwa chumba cha nyuma ya sakristia, mahali padre anapovalia. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, chenye dirisha moja, cherehani ya kukanyaga, pasi nzito na kabati lililonuka ubani. Humo majira ya Kanisa yalipita mikononi mwake kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Zambarau ilimwagika mezani, ikafuatwa na nyeupe, halafu kijani ndefu isiyo na mwisho, na mchana jua lilipopenya kwenye vitambaa ukuta mzima ulibadilika rangi, naye akashona ndani ya rangi hiyo kama mtu aliyelala akiota anashona. Alisali kwa kufuata mguu wa cherehani. Wanawake waliokuja kuchukua alba, kanzu nyeupe za ibada, zilizofuliwa walisimama mlangoni wakasahau walichotumwa.

Lakini kazi ya kuinama haina huruma na mgongo. Ulianza kwa kukakamaa asubuhi, ukaendelea kwa kupinda, na ilipofika makamo yake Mama Pindo alikuwa anatembea akiangalia viatu vya watu. Alimtambua kila muumini kwa soli. Hayo aliyafanyia utani, akasema kwamba dhambi za parokia hii anazijua kwa jinsi zinavyokanyaga. Kisichokuwa na utani ni kwamba Jumapili moja kengele ililia, akajaribu kuinua kichwa, na shingo ikakataa. Aliona sakafu. Alirudi nyumbani akajifungia, akalia kama mtu aliyefiwa.

Nesi wa kliniki alimpapasa uti wa mgongo, akampeleka kwa mwalimu wa yoga aliyefundisha chumba cha juu, juu ya duka la viatu. Mama Pindo alipanda ngazi zile na rozari mkononi. Hakuwa mjinga, alijua kwamba mazoezi yale yamezaliwa katika dini nyingine, na kwamba yapo maneno yanayosemwa humo ambayo Mkristo hapaswi kuyatia kinywani. Akasimama mlangoni, hakuvua viatu. "Mwalimu," alisema, "mimi nina Bwana wangu, na sina mpango wa kumwacha nje kwenye ngazi." Mwalimu, mwanamke mpole wa miguu peku, akamjibu, "Mwingize, mama. Mimi nafundisha mgongo." Wakakubaliana. Wenzake walipoimba neno lao la kufungulia, Mama Pindo alinyamaza. Walipovuta pumzi alisema moyoni, Bwana Yesu; walipoishusha alisema, nihurumie.

Akafunguka polepole, kwa subira kubwa. Nyumbani alitandika mkeka mbele ya dirisha, kila alfajiri, kwa sababu dirisha lile lilielekea kanisani, na taa nyekundu ya tabernakulo, kisanduku kinamotunzwa Hostia, ilionekana kwa mbali kupitia kioo cha pembeni. Alisema baadaye kwamba katika saa ile alijisikia hana uzito, kwamba chumba kilipumua pamoja naye, na kwamba hakujua sala iliishia wapi na mgongo ukaanzia wapi. Kisha ikaja Jumapili ya Pasaka. Kengele ikalia. Mama Pindo akainua kichwa, taratibu, na akaiona. Waliokaa karibu walimsikia akisema, "Kumbe bado unaniangalia."

Sasa tufike kwenye jaribu lake, nalo lilitoka kwa mtu aliyempenda. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye nyumba moja, aliamka mapema akamkuta mdogo wake mbele ya dirisha, viganja vimekutana kifuani, anainama na kuinuka. Wakati huohuo jua lilikuwa linachomoza. Taa ya tabernakulo dada hakuiona, macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho; aliona jua tu, na mdogo wake analiinamia. Maskini dada! Hakumwuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa padre akasema, "Baba, mdogo wangu anaabudu jua, na ni mimi niliyemlea."

Habari ikatoka nje, kama habari zinavyotoka. Wapo waliosema kasula zilizoshonwa na mikono ile zisivaliwe. Wapo waliomtetea kwa makelele mengi kuliko akili. Nisiwacheke wote, maana wengine hofu yao ilikuwa ya kweli, na mtu anayeogopea roho ya mwenzake si adui. Padre alikuwa kijana bado, mwenye mambo mengi, paa la kanisa limebomoka na mafundi wanamsubiri uani. Alimwita Mama Pindo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mama, jambo hili silijui vizuri. Acha kwanza, nisome, niulize, halafu nitakwambia." Mama Pindo akaitikia, "Sawa, Baba." Akarudi nyumbani, akakunja mkeka.

Padre alisoma kweli. Aliuliza kweli. Akaridhika moyoni kwamba mwili uliokabidhiwa kwa Kristo unaweza kunyooshwa bila kumsaliti, mradi kinywa na moyo vibaki kwake. Halafu paa likaisha, ikaja shule, ukaja msiba wa baba yake mzazi, na katika yote hayo akasahau kumwambia. Alisahau tu! Nikifika hapa kalamu yangu huwa nzito, kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi zaidi.

Miaka ikapita. Mgongo ukarudi kulekule na kuzidi, mpaka kidevu kikagusa kifua. Dada yake, aliyekuwa ameshatibiwa macho na kuiona ile taa dirishani, alimsihi kwa machozi, "Nenda kamkumbushe, mdogo wangu, mimi ndiye niliyekosea." Naye akajibu, "Ameniahidi ataniambia. Nikienda kumsukuma nitakuwa nimejiruhusu mwenyewe." Mtu anaweza kusema alizidisha. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Usiku aliota yuko kwenye mkeka, mwepesi, amenyooka kama uzi, na ndoto zile zilikuwa tamu kiasi cha kumtia wasiwasi. Akaenda kwa padre mgeni kuungama kwamba anavunja amri usingizini. Alimsimulia dada yake jibu alilopewa: "Mama, usingizini wewe ni mgeni wa Mungu. Lala."

Kisha ikaja Misa ile ambayo wazee wa parokia huisimulia kwa sauti ya chini. Watu walipanga mstari wa Komunyo, Mama Pindo akafika mbele, na padre hakuuona uso wake. Aliona kitambaa cha kichwa tu. Akainama, haikutosha. Mbele ya kanisa lote padre akapiga magoti sakafuni, kasula imemtandaa pembeni, akatazama juu ili amfikie mdomoni. Macho yao yakakutana. "Mama," alinong'ona, "yale mazoezi yako vipi?"

"Ulisema niache kwanza, Baba," akajibu. "Bado naacha."

Padre hakuweza kuinuka. Alilia pale pale, na waliokuwa nyuma wakadhani ni mgonjwa. Siku iliyofuata alikwenda nyumbani kwake, akautandika ule mkeka kwa mikono yake mwenyewe, lakini alikuwa amechelewa. Mifupa ilikuwa imeshaungana. Ndipo Jumapili iliyofuata, alipoinua Hostia na kengele ikalia, hakuirudisha mezani. Aliteremka nayo mpaka benchi la kwanza kushoto, akainama, akaishusha chini kabisa, mbele ya macho yaliyokuwa yanaangalia sakafu.

Miaka yake iliyobaki Mama Pindo aliwafundisha mazoezi ukumbini, ameketi kwenye kiti, wazee waliosahau kupiga magoti. Aliwaambia wavute pumzi kwa jina la Bwana, akiwatania walioguna. Waliomwuliza kama yoga ni dhambi aliwauliza na yeye: "Ukiinama, unamwinamia nani? Kama hujui, simama kwanza." Alikufa alfajiri, juu ya mkeka, katika majira ya kijani. Seremala aliyempima kwa jicho akiwa hai alileta jeneza fupi, na akalazimika kurudi nalo, kwa kuwa walimkuta amenyooka kabisa, uso juu. Nesi anasema mwili ukishakufa hulegea. Seremala anasema ameshazika wengi na hajaona jambo kama hilo. Nimeandika ya wote wawili. Kanisa halijasema neno, nami silitangulii.

Anayetaka kumfuata asianze na mgongo, aanze na lile "sawa, Baba" lake, na aliyepewa madaraka juu ya wengine asisahau alichoahidi. Mpaka leo katika parokia ile Hostia huinuliwa, kisha hushushwa mpaka benchi la kwanza kushoto, na wageni hushangaa. Padre wa sasa ni kijana. Kwenye benchi lile huketi mzee mmoja, padre mstaafu, aliyepinda kwa uzee, ambaye kila asubuhi hujinyoosha kidogo kwenye mkeka mkuukuu asiokubali kuufua. Kengele ikilia hainui kichwa, hawezi. Hungoja ishushwe.