Pumzi ya Gari Jekundu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala nyundo. Fundi Mkuu, mtu wa Majengo, mfupi, mwenye kofia iliyolowa grisi, alinipeleka nyuma ya lori lililokuwa likinguruma, akaniambia, "Weka kiganja hapo." Nikakiweka mbele ya mdomo wa eksozi, lile bomba la kutolea moshi. Moshi ukanipiga. "Hiyo ndiyo pumzi yake," akasema. "Kabla hujafungua gari la mtu, ijue pumzi yake kwanza. Usipoijua, wewe si fundi, u mvunjaji tu."

Gereji yetu ilikuwa karibu na Mwembe Tayari, na kwa miaka mingi kazi ilikuwa mabasi ya bara na pikapu za sokoni. Nayakumbuka hata leo: harufu ya mafuta ya taa, mlio wa nyundo, chai ya saa nne na mahamri ya moto. Halafu ikaja miaka ya tisini, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi. Lo, yalikuwa mazuri! Lakini chini ya tumbo yalikuwa na kitu tusichokizoea: kopo la chuma katikati ya eksozi, limejaa vitundu vidogo vidogo vya kuchuja sumu ya moshi. Jina lake la kizungu lilikuwa refu. Sisi tuliliita sega, maana lilifanana na sega la nyuki. Na petroli yetu siku hizo ilikuwa ikitiwa risasi, yale madini, si ya bunduki. Sega haliistahimili risasi. Vitundu huziba, gari likakosa pa kupumulia. Leo nawaeleza kwa ufasaha. Wakati ule tulikuwa twayajua nusu nusu.

Jumatatu moja akaja daktari wa meno wa Kizingo na gari la spoti, jekundu, milango miwili, bapa, karibu lilale chini.

"Likifika mwinuko wa daraja la Nyali linanikatalia," akalalamika. "Mikokoteni inanipita, wallahi!"

Fundi Mkuu alilisikiliza, akapiga resi mara mbili, akatoa hukumu mbele ya daktari na mbele ya tajiri wetu, mwenye gereji: "Ringi za pistoni zimekwisha. Injini tuifungue."

Mimi nilikuwa nyuma ya gari, na kwa mazoea nishaweka kiganja. Pumzi ilikuwa hafifu, kama ya mgonjwa wa pumu. Tena injini iliyokwisha ringi hutoa moshi wa buluu, na hapa hapakuwa na buluu yoyote. Nilijua tatizo liko kwenye bomba. Nikanyamaza.

Mtaniuliza, kwa nini? Kwetu mwanafunzi hamkosoi mwalimu wake mbele ya watu. Na siku zile tajiri alikuwa keshaanza kunong'ona kwamba mzee amepitwa na haya magari mapya, masikio yamechoka, heri akapumzike. Nikajiambia, nikimkosoa leo nimemfukuzisha kazi. Nilinuia kumwambia faraghani, lakini jioni nikamkuta keshaanza kulegeza bolti huku anaimba. Nikaona haya.

Siku tatu tulifungua injini nzima. Ringi zilikuwa salama salimini. Tukaifunga. Alhamisi tajiri mwenyewe akaliendesha gari mpaka Nyali. Likarudi likivutwa kwa kamba. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee," akamwambia Fundi Mkuu, "kesho baada ya sala ya Ijumaa tuonane ofisini."

Alipoondoka nikaliwasha gari, nikamvuta mzee nyuma.

"Mwalimu, weka kiganja."

Akaweka. Akakaa nacho pale, kisha akanitazama.

"Wewe umejua lini?"

"Jumatatu, mwalimu."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuheshimu."

"Heshima gani hiyo, yakhe! Umeniacha nivuliwe nguo mchana kweupe, kisha waniambia heshima?"

Sijapata kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Akajilaza chini ya gari mwenyewe. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tukazilowesha mafuta ya taa, tukangoja. Mbili zikakubali, ya tatu tukaikata kwa gesi. Sega likatoka. Ukilitazama kwenye mwanga, haupiti hata uzi: limezibwa lote na unga wa kijivu. Tukaweka bomba tupu mahali pake, nikalichomea mimi. Gari likanguruma mpaka wauza machungwa wa ng'ambo ya pili wakageuka. Ijumaa asubuhi daktari akalipandisha daraja la Nyali, akarudi anacheka peke yake.

Tajiri akauliza ni nani aliyegundua. Nikawahi mimi: "Fundi Mkuu."

"Mwongo huyu," mzee akanikata. "Kagundua yeye, tangu Jumatatu. Mimi nilisahau kuweka kiganja."

Kwa neno hilo alijimaliza. Mwisho wa mwezi akaondoka, na nafasi yake nikapewa mimi. Nilikwenda kwake Majengo kumwomba radhi. Akanipokea kwa kahawa na kaimati, akasema, "Radhi nimekupa. Lakini ukipata wanafunzi, wafundishe kukwambia."

Masega niliyoyatoa baada ya hapo sina idadi yake. Leo petroli haina risasi, na najua kwamba tulikuwa twawapulizia watu sumu; Mungu atusamehe, ndio ujuzi tuliokuwa nao. Kazi niliipenda sana. Kiti kile cha ufundi mkuu sikukikalia kwa raha hata siku moja.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya kuagwa, lililetwa gari linalokohoa. Nikalisikiliza, nikamwambia mwenye gari ni plagi. Mwanaisha, fundi niliyemfundisha mwenyewe, akafuta mikono kwa tambara, akasema mbele ya mteja na mbele ya gereji nzima:

"La, mzee, umekosea. Weka kiganja."

Nikaweka. Alisema kweli. Machozi yakanitoka pale pale, na watu wakadhani nalia kwa sababu ya kuagwa.