Siku Hedwiga Alipopanda Ngome ya Tantallon

Jina lake la ubatizo ni Hedwiga, ila hapa Turffontein, Johannesburg, kila mtu humwita Mama Suzan. Ni Mluguru wa Morogoro. Ujanani alifanya kazi ya jikoni kwenye shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini pale Mazimbu, na hapo ndipo alipompata Sipho, fundi seremala wa maneno machache, ambaye kila mara alikuja kurekebisha meza ambazo, kwa kweli, hazikuwa zimeharibika. Wakafunga ndoa. Miaka ya tisini ilipoanza na wale wa uhamishoni wakaruhusiwa kurudi, Sipho akarudi kwao. Hedwiga hakurudi popote, yeye alihama. Walikuwa kwenye ndege moja, tena amempakata Suzan mchanga, lakini safari zao zilikuwa mbili.

Upande wa mume walimpokea vizuri kiasi. Walimwita makoti, kama wanavyoitwa wake wote wanaoolewa kwa Wazulu, wakamfundisha kupika pap, ugali wa huko, na kunyamaza mbele ya wakwe. Kizulu akakijua. Kiswahili kikabaki cha kanisani na cha majirani Wakongomani. Suzan anakielewa chote, ila ukimsemesha atakujibu Kiingereza. Mama yake Hedwiga alipofariki kule Morogoro, Sipho alikuwa hoi hospitalini, na Hedwiga hakuweza kwenda kuzika. Sipho naye akafa mwaka uliofuata. Tangu hapo, kila alipoulizwa ataenda lini nyumbani kusalimia, alijibu, "Mwakani, Mungu akipenda."

Baada ya msiba wa mumewe akaanza kazi ya kutunza wazee Randburg, kaskazini mwa jiji. Ndiko alikokutana na Bi. Elspeth Rankine, mjane wa mhandisi wa migodi, Mskoti aliyeletwa Johannesburg na mume akiwa msichana na asiondoke tena. Hakujaliwa mtoto. Mwanzoni Hedwiga alimwita Madam. Siku moja, akimfuta mgongo baada ya kumwogesha, likamtoka neno Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, kama angemwita mzee yeyote wa mtaani. Mzee akacheka, akasema hajawahi kuitwa jina zuri hivyo. Likabaki.

Waliishi kwa mazoea. Gogo alipenda chai nyeusi kama wino na redio yenye habari. Alisema Kiingereza kilichonyooka kama shuka lililopigwa pasi, na Hedwiga alimjibu kwa kile chake. Walibishana kuhusu dawa, madirisha na chumvi. Mguu mmoja wa Gogo ulipoanza kukataa kazi, Hedwiga akahamia chumba cha nyuma, akawa anarudi Turffontein Jumapili tu.

Ndipo Chris, mtoto wa mdogo wake Gogo wa kiume, akapiga simu kutoka Uskoti. Alitaka shangazi yake aje kuwaona kabla umri haujamfungia mlango. Daktari akakubali, kwa sharti asisafiri peke yake.

"Mimi?" Hedwiga alishangaa. "Eish, Gogo, mimi Ulaya nitafanya nini?"

"Utanizuia nisianguke," Gogo akasema. "Ndiyo kazi yako."

Falonne, msusi wa Kikongomani anayekaa mlango wa pili, alipopata habari alimkalisha kitini papo hapo. "Mama Suzan, hauwezi kwenda kwa Wazungu na kichwa kama hii! Watasema sisi wa Joburg hatuna wasusi." Akamsuka, akakataa malipo.

Kwa Chris palikuwa pazuri. Nyumba yake iko mji mdogo nje kidogo ya Edinburgh, na mkewe alikuwa mkarimu. Siku kadhaa zilipita kwa mvua na chai. Kisha jua likatoka, na Chris akasema watatembea na gari ufukweni siku nzima, wapite kwenye ngome za kale, wamalizie Dunbar, mji aliozaliwa Gogo.

Ngome ya kwanza ilikuwa Dirleton. Imezungukwa na bustani, maua mekundu na ya zambarau yamepangwa kando ya ukuta mrefu, na pembeni kuna kijumba cha mviringo cha mawe kilichotobolewa matundu ya njiwa ndani kutoka chini hadi juu. Gogo alichoka mapema, wakamweka kwenye benchi juani. Chris akampeleka Hedwiga kumwonyesha kile kijumba cha njiwa. Wakiwa humo ndani, Chris akasema, kwa sauti ya mtu anayeongelea hali ya hewa, "Tutakukumbuka sana, Hedwiga. Umemlea shangazi vizuri mno. Hicho chumba tulichompatia ni kizuri, kina dirisha la bahari."

"Chumba gani?"

Chris akageuka. Uso ukamwiva. "Kwenye nyumba ya wazee, karibu na kwetu. Nilidhani amekwambia. Tunataka abaki."

Hedwiga anasema alihisi kama mtu aliyevutiwa kiti wakati anakaa. Alitoka nje, akamfunga Gogo skafu shingoni, akamwinua, akamwingiza garini. Gogo akamtazama.

Tantallon iko mbele kidogo, juu ya jabali linaloingia baharini. Ni ukuta mmoja mkubwa wa mawe mekundu umesimama kama umebaki kumlinda mtu asiyekuwepo tena. Pande nyingine hakuna ukuta, ni genge na maji. Kutoka kwenye maegesho kuna mwendo, na ndani ni ngazi za mawe zinazojizungusha gizani. Gogo akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi. Nenda wewe, Hedwiga."

"Kazi yangu ni kukaa na wewe."

"Chris atakaa na mimi. Nenda uone."

Siku nyingine angekataa. Siku ile, kwa hasira, alikwenda. Alikatiza uwanja wa majani upepo ukimpiga kifuani, akaingia mlangoni, akaanza kupanda huku akishika kamba iliyofungwa ukutani. Alipotokea juu, bahari ilikuwa imemzunguka. Mbele yake kulikuwa na kisiwa cha jabali tupu, cheupe juu. Alidhani ni theluji, mpaka weupe ule uliporuka. Walikuwa ndege, maelfu kwa maelfu, wakiinuka na kutua na kupiga kelele ambayo upepo uliileta vipande vipande.

Hakuna aliyemwita. Hakukuwa na kengele wala mtu wa kupewa dawa, na chungu jikoni hakikuwepo. Alisimama pale akagundua kwamba hajui mara ya mwisho alisimama lini mahali kwa sababu yake mwenyewe. Akalia. Anasema alianza kulia kwa ajili ya kazi iliyokuwa inamponyoka, lakini katikati kilio kikabadilika, akajikuta anamlilia mama yake, tena kwa Kiluguru, kwa maneno ya msiba ambayo hakupata kuyasema. Upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyemsikia. Mzungu mmoja aliyevaa koti la mvua alitokea kwenye ngazi, akamwona, akarudi chini taratibu.

Aliporudi garini, Chris alitoka akaenda kununua kahawa. Gogo alikuwa amekaa na chupa ya chai mapajani, haijafunguliwa.

"Chris amekuambia," Gogo akasema.

"Ameniambia."

"Nilitaka usikie kwangu. Kila asubuhi najisemea, leo. Halafu unaniletea soksi, nashindwa."

"Mimi ndiye ninayekuogesha, Gogo. Ninajua mwili wako kuliko daktari. Hilo nilistahili kulisikia mdomoni mwako, si ndani ya nyumba ya njiwa."

Gogo akainamisha kichwa. "Ni kweli." Kisha akasema, "Sijawapa jibu. Nyumba ya Randburg ni yangu, kaburi la mume wangu liko kule. Na wewe uko kule. Nikibaki hapa, wewe utafanyaje?"

Hedwiga alimimina chai, akapuliza, akampa. Walikunywa kikombe kimoja kwa zamu, maana cha pili walikisahau.

Dunbar ni bandari ndogo. Ngome yake imebaki magofu mekundu mdomoni mwa bandari, na kila ufa una kiota cha ndege. Gogo akiwa kwenye kiti cha magurudumu alisimulia jinsi zamani sana mwanamke mmoja alivyoilinda ngome ile dhidi ya jeshi la Waingereza. Kila walipoupiga ukuta kwa mawe makubwa, alituma wasichana wake wakapanguse vumbi kwa vitambaa, adui wakiona. Hedwiga, pamoja na hasira yake, alicheka. "Huyo angefaa Turffontein," akasema.

Lakini Gogo alikuwa anatafuta nyumba. Waliipata karibu na maji, imepakwa rangi ya samawati, ikiwa sasa ni ya kupangisha wageni wa likizo. Mapazia yamefungwa, mlangoni kuna kisanduku cha kuwekea ufunguo. Chris aligonga kwa adabu, hakuna aliyefungua. Gogo alikitazama kile kisanduku kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Twendeni. Hakuna mtu."

Walipokuwa wanageuza kiti, mwanamke mmoja wa makamo, mwenye buti za mpira na aproni ya plastiki, aliyekuwa anaosha mitego ya kaa, akawauliza kitu. Hedwiga hakuelewa hata neno. Gogo akainua kichwa. Akajibu, na alichokijibu Hedwiga hakukielewa vilevile.

Hakikuwa kile Kiingereza cha pasi. Kilikuwa kizito, cha kooni, maneno yamekatwa miisho, na kilimtoka haraka kama maji yaliyofunguliwa bomba. Yule mwanamke akaweka mtego chini, akasogea. Wakasemezana. Gogo alicheka kicheko cha kiume ambacho Hedwiga hakuwahi kukisikia miaka yote ile, akapiga goti kwa kiganja.

"Wanasema nini?" Hedwiga akamuuliza Chris.

"Amemuuliza, wewe ni wa nani? Shangazi amemtaja baba yake. Sasa huyu mama anasema bibi yake alikuwa akimsimulia habari za huyo mzee, jinsi alivyokuwa na wivu na mashua yake." Chris akatabasamu. "Hata mimi siwezi kuongea hivyo. Lugha ya hapa bandarini imebaki kwa wachache."

Hedwiga alikuwa amesimama na mkoba wa Gogo begani, koti la Gogo mkononi. Akakumbuka uwanja wa ndege wa Johannesburg, siku ile ya kwanza. Mama yake Sipho alikuwa ameshafariki, na Sipho alishuka uso umekauka kama mtu aliyekuja kwenye ofisi. Kisha mzee mmoja jirani akamwita kwa jina la sifa la ukoo wao, na Sipho, ambaye Hedwiga hakuwahi kumwona akilia, alipiga magoti sakafuni. Na yeye Hedwiga alisimama pembeni na mtoto na mabegi, haelewi neno.

"Hii ni mara ya pili nasimama na mizigo, nikimtazama mtu akirudi kwao," aliniambia. "Na uso ni uleule, bwana. Mweusi, mweupe, uso ni uleule."

Waliporudi garini alipiga magoti, akamfunga Gogo mkanda, na kabla hajainuka akasema, "Baki, Gogo."

"Umesema?"

"Baki huku. Nimekusikia unavyoongea na yule mama. Kwangu mimi umekuwa ukiongea kama mgeni miaka yote."

Gogo akamshika mkono. "Na wewe, Hedwiga? Nimewahi kukusikia wewe ukiongea?"

Hedwiga akafikiri. "Hapana," akasema. "Labda nikiwa kwenye simu na dada yangu."

"Basi nenda mkaonane. Mimi nimengoja mpaka nimefika kwenye mlango wenye kisanduku."

Chris aliwasha gari. Njia nzima Gogo alilala na mdomo wazi, na Hedwiga alimshikilia kichwa kila walipopinda kona.

Gogo akaamua kubaki. Hedwiga hakulala vizuri siku zilizobaki. Kusamehe ni jambo moja, kumkabidhi mtu wako kwa wageni ni jingine. Aliwafundisha wahudumu wa ile nyumba mguu upi uanze kuvalishwa, na wakamsikiliza kwa heshima. Siku ya kuagana Gogo alikataa kutokea mlangoni, akapunga dirishani. Hedwiga alirudi Johannesburg na kiti cha pembeni yake kwenye ndege kikiwa kitupu, akawa anakitazama.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Alishinda Turffontein akiosha vitu visafi mpaka Suzan akamkemea. Desemba wakaenda Morogoro, yeye na Suzan. Dada yake, Skolastika, alimpokea kwa vigelegele. Siku ya tatu wakagombana vibaya juu ya mazishi ya mama, kila mmoja akatoa la moyoni, majirani wakajifanya hawasikii. Jioni Skolastika akaja na ungo wa maharage, akakaa karibu yake bila salamu, wakachambua. Kesho yake walikwenda kaburini pamoja wakang'oa magugu, na Suzan, akiwa ameshika jembe kwa namna ya kuchekesha, akamuuliza mama yake mkubwa, kwa Kiswahili chake kibovu, bibi alikuwa mtu wa namna gani. Skolastika akaketi juu ya jiwe kumjibu, na hawakurudi nyumbani mpaka jua lilipowachoma.

Hedwiga hakuhamia huko. Kaburi la Sipho liko Johannesburg, na Suzan sasa ni mjamzito. Siku hizi anamtunza mzee mwingine Randburg, mchana tu. Kazi ya kulala hukohuko amekataa. Jana nilimkuta kwa Falonne, kichwa nusu kimesukwa, wanabishania jina la mtoto. Falonne anataka la Kifaransa. Mama Suzan anasema kama ni msichana ataitwa Skolastika, na kama Suzan hapendi, basi azae mvulana.