Kilo za Digger

Niliingia Warrabeel, mji mdogo wa wafugaji, nikiwa nimempakata mbwa wa mtu. Pikapu iliyonipa lifti ilikuwa ya Ross Hallinan, mfugaji wa kondoo, na Digger, mbwa wake jike wa kuchunga, alikuwa amepigwa kichwa na dume la kondoo asubuhi ile. Ross alitushusha mlangoni mwa kliniki ya mifugo, akasema ameacha geti wazi, akageuza gari. Hivyo ndivyo nilivyofanywa jamaa wa mgonjwa.

Mapokezi nilimkuta Merle Oxley, muuguzi wa wanyama kwa miaka thelathini na moja, akifunga kikombe chake kwenye gazeti. Ilikuwa siku yake ya mwisho. Mwenye kliniki alikuwa amenunua programu ya kompyuta inayozuia makosa ya vipimo vya dawa, na kwa kuwa kazi ya Merle ilikuwa kuzuia makosa ya vipimo vya dawa, uamuzi haukuwa mgumu. Walimpa keki.

Programu yenyewe ilikuwa na bidii ya kutisha. Daktari Callum Fitch, kijana mwenye adabu, aliandika dawa ya maumivu, ikamuuliza kama ana uhakika. Ikamuuliza kama mbwa ni mbwa. Ikamwonya kwamba dawa hiyo haifai kwa farasi mwenye mimba. Callum alibonyeza "Ndiyo" mara saba, kama mtu anayefukuza nzi, akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Ya kilo ngapi hiyo, mwanangu?" Merle akauliza.

"Thelathini na nne. Zimo humu, Mama Merle. Kompyuta imekubali."

"Imekubali! Huyu ana thelathini na nne? Labda umpime na keki yangu."

"Si ni Digger wa Hallinan?"

"Mbwa wote wa Hallinan wanaitwa Digger. Ross hana muda wa kujifunza jina jipya. Huyo wako wa kwenye kioo cha kompyuta alikufa mwaka juzi, tena alikuwa dume."

Tukampandisha mizani. Kumi na sita na nusu. Dawa iliyokuwa kwenye bomba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, na ikizidi huharibu figo, na figo za mbwa hazina kitufe cha kurudi nyuma. Callum akaimwaga, masikio mekundu, akaandika kilo mpya. Programu ikashtuka: mgonjwa amekonda ghafla, je, anakula vizuri?

"Na kesho je, Mama Merle?" Callum akauliza.

"Kesho itakuuliza kama una uhakika. Ukiwa huna, sema huna. Haing'ati."

Merle akamchoma Digger sindano, ya mwisho katika kazi yake, yenye kipimo sahihi, akambusu kipaji cha uso. Kisha akachukua kikombe, keki akaiacha, akatoka.

Nikabaki na Digger, tukimsubiri Ross. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke na paka kikapuni. Callum akanyoosha kidole kwenye kitufe, akasita, akanigeukia.

"Samahani, kaka. Hebu niwekee huyu kwenye mizani."