Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Ukimkuta dukani kwake, kazama katikati ya marundo ya sketi za shule na kaptula za rangi ya udongo, huwezi kudhani hata kidogo kwamba fundi cherehani huyu ni hatari kwa visahani. Na visahani vyenyewe si vya chai. Ni vile vya udongo, vyembamba, vinavyorushwa na mashine kwenye uwanja wa klabu ya kulenga shabaha. Vinapaa kwa kasi kama njiwa aliyeshtuliwa, na ukivipata vinageuka vumbi papo hapo. Klabuni walimwita Sentimita, kwa sababu hata huko alikwenda na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaisahau hapo jinsi watu wengine wanavyosahau miwani kichwani.

Kwa miaka miwili Sentimita alitumia bunduki ya klabu. Halafu sheria ikabadilika: bunduki haziazimwi tena, kila mlengaji awe na yake, iliyosajiliwa kwa jina lake. Mashindano makubwa yalikuwa Jumapili, na timu ilikuwa ya watu wanne. Ambaye hadi Ijumaa saa tisa na nusu alasiri hajasajili bunduki yake, nafasi yake anapewa mwingine. Sentimita alikuwa wa nne. Nafasi hiyo aliipigania kufa na kupona dhidi ya mwuza magodoro mmoja mwenye maneno mengi, na hakuwa tayari kumwachia hivi hivi.

Sasa, sheria ya kununua nayo usipime. Mtu mmoja, bunduki moja. Ukishaandikishwa, hubadilishi mpaka ipite miaka mitano. Kibali cha kununua kina tarehe ya kufa, na chake kilikuwa kinakufa Ijumaa hiyo hiyo. Tena yeye alikuwa ameomba aina wanayoichunguza kuliko zote: bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe ndogo za risasi, tena inayojipakia yenyewe.

Bunduki hii ina werevu wa ajabu. Ile ya kawaida ya mitutu miwili unaikunja katikati, unatia risasi kwa mkono, unaikunjua, unapiga. Hii nyingine, ukivuta kifyatulio, nguvu ya risasi inasukuma chuma kwa ndani, ganda tupu linatemwa nje, risasi ya pili inapanda mahali pake bila wewe kugusa kitu. Ndiyo maana serikali inaitolea macho. Ruhusa ni risasi tatu tu: moja kwenye chemba, yaani pale inapolipukia, mbili kwenye mrija ulio chini ya mtutu. Ya nne ikiingia, wewe ni mhalifu, hata kama hujawahi kuiba kalamu.

"Dada, chukua ile ya mitutu miwili yaishe," mdogo wake, mwalimu wa udereva, alimwambia alipopitia dukani Alhamisi kuchukua suruali yake. "Fomu za hiyo unayoitaka zina maswali kuliko mtihani wa taifa."

"Nikichukua ya mitutu miwili, utaniazima mtulinga wako?"

Mdogo wake akacheka. Mtulinga wa kushoto wa dada yake, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika alipoanguka na ngazi stoo, akifuata mtumba wa vitambaa. Ulipona, lakini ulipona kwa masharti. Bunduki ya mitutu miwili inarudi nyuma kama punda aliyekasirika. Inayojipakia, nguvu nyingine inaishia kwenye kazi ya ndani, begani inafika imepoa. Hiyo ndiyo sababu aliyoiandika kwenye fomu, na daktari akaitilia sahihi.

"Haya, chukua inayojipakia. Zimejaa duka zima."

"Zilizojaa zinatema maganda kulia. Mimi ni mashoto, naweka bega la kushoto. Unajua ganda la moto likikatiza mbele ya pua yako linavyokuwa? Miaka miwili nafumba jicho kama mtu aliyerushiwa mchanga."

"Kwa hiyo unataka ya mashoto."

"Nataka ya mashoto."

"Na leo ni Alhamisi."

"Siku za wiki nazijua, mdogo wangu. Vaa suruali nione mguuni."

Watu walimwona mkaidi, lakini alikuwa na sababu. Miaka kumi ya kwanza ya ufundi alikatia vitambaa mkasi wa mkono wa kulia, akapata sugu hadi kwenye mfupa wa kidole gumba. Kila mtu alimwambia atazoea. Siku alipopata mkasi wa mashoto alikata doti tatu bila kupumzika, kisha akakaa chini akalia kwa hasira, akifikiria miaka kumi iliyopotea. Tangu siku hiyo alikula kiapo: chombo ndicho kimfuate yeye.

Ijumaa asubuhi aliingia duka la silaha. Milango miwili ya chuma, kengele, kamera tatu. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye kizibao, na mkanda wa suruali ulioonekana kukata tamaa. Alimtolea bunduki zinazong'aa, zenye maua na ndege waliochorwa kwenye chuma.

Sentimita akavua futi shingoni. Akapima kutoka kwenye kiwiko chake hadi kidole cha kuvutia kifyatulio, kisha akapima kitako cha bunduki ya kwanza.

"Mama, hapa hatushoni," muuzaji akasema.

"Hapa mnauza kitu cha kukaa begani, mwenye duka. Koti likinibana begani nalirudisha kesho yake. Hii nitairudisha baada ya miaka mitano. Nipe ile nyingine."

Akapima saba. Mbili zilikuwa ndefu mno, nne ziliuma mtulinga kwa kuzitazama tu. Moja ilimkaa sawa, lakini ilitema kulia.

"Utazoea tu, mama."

Neno hilo! Sentimita akaiweka juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani. "Stoo kuna nini?"

Muuzaji akajikuna kidevu. Akaingia ndani, akakaa, akatoka na sanduku lenye vumbi. Bunduki ya ndani yake iliagizwa na mteja aliyehama nchi kabla ya kuichukua. Nyeusi tii, haina ua wala ndege, na tundu la kutemea maganda liko kushoto. Sentimita akafumba macho, akaipandisha begani, akafumbua. Jicho lilikuwa limelala sawasawa juu ya mtutu. Akarudia mara tatu. Mara zote tatu, pale pale.

"Mrija wake unakula risasi nne," muuzaji akasema, "lakini usihofu, nimetia kijiti cha kuzuia. Zinaingia mbili tu."

"Una hakika?"

"Mama! Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii."

Kabla ya kusajiliwa, mnunuzi haruhusiwi kuibeba bunduki, na muuzaji haruhusiwi kushika ufunguo wa sanduku akishatoka dukani. Basi wakafuatana barabarani, muuzaji na sanduku, Sentimita na ufunguo, kama watu waliofungwa kamba moja, hadi ofisi ya leseni.

Afisa alikuwa mwanamke aliyechomeka penseli kwenye nywele na ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu. Akasoma kibali, akasoma barua ya daktari, akahakikisha kwenye orodha kwamba kabati la chuma nyumbani kwa fundi lilishakaguliwa. Kisha akatoa risasi za bandia, za plastiki ya chungwa, akaanza kuzisukuma kwenye mrija. Moja. Mbili.

Tatu.

Iliingia laini kabisa, kama mgeni aliyezoea nyumba.

"Tatu hizi," afisa akasema. "Na ya chemba, nne."

"Haiwezekani," muuzaji akasema. Halafu rangi ikamtoka. Alikuwa amekumbuka. Wiki ile alitengeneza vijiti viwili mezani, cha bunduki hii na cha nyingine yenye mrija mfupi zaidi, na kile kirefu alikuwa amemtilia mteja wa juzi. "Yule bwana atakuwa anaingiza risasi moja tu," akanong'ona, "na wala hajarudi kulalamika."

"Mama," afisa akamwambia Sentimita, "nikikuandikia hii, mimi na wewe tunalala ndani. Irekebishwe na fundi bunduki mwenye leseni, mrudi kabla ya saa tisa na nusu. Zaidi ya hapo kibali kimekufa, unaanza fomu upya."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

Nje, kwenye ngazi, muuzaji alimgeukia. "Sikia, turudi dukani. Ile iliyokukaa sawa, inayotema kulia, kijiti chake nakijua kama jina langu. Nusu saa tumemaliza. Jumapili uko uwanjani."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Upande mmoja, nafasi ya nne, uhakika, leo hii. Upande mwingine, saa mbili tu zilizobaki, fundi asiyemjua, na ikishindikana mwuza magodoro anavaa fulana yake. Sentimita alisimama kama anavyosimama mbele ya kitambaa cha gharama kabla ya kukata. Kisha akatumbukiza ufunguo mfukoni.

"Fundi bunduki yuko wapi?"

"Nyuma ya kituo cha mafuta, lakini..."

"Lakini baadaye. Tembea."

Fundi bunduki alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, redio ikipiga kelele, unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Mbele ya meza yake kulikuwa na mstari wa njano sakafuni, na mteja haruhusiwi kuuvuka. Akasikiliza, akakichomoa kijiti kifupi, akakipima uzito mkononi.

"Nakutengenezea kingine sasa hivi."

"Utapima?"

"Mimi sipimi, dada. Jicho langu ni rula."

Mashine ikanguruma, mti ukazunguka, vumbi likapaa. Kijiti kipya kikaingia kwenye mrija. Risasi ya bandia moja ikaingia. Ya pili ikagoma.

"Basi kidogo tu," fundi akasema, akichukua msumeno, na kidogo hicho akakikata kwa jicho lile lile. Ya pili ikaingia. Ya tatu nayo ikaingia.

"Rula yako imepinda, ndugu yangu," Sentimita akasema. Muuzaji akacheka kwa woga. Saa nane na dakika ishirini. "Rudisha kile kijiti cha kwanza kabisa, tulichokuja nacho. Tia risasi tatu. Halafu niambie nafasi gani imebaki mdomoni mwa mrija."

"Nitajuaje bila..."

Futi ikaruka hewani, ikatua mezani mbele yake.

"Futi imevuka mstari," Sentimita akasema. "Mimi sijavuka."

Fundi akamtazama, akatazama futi, akazima redio. Akapima. Sentimita moja na nusu. Risasi yenyewe, sentimita saba.

Sentimita akachukua chaki mfukoni, akachuchumaa, akaandika sakafuni upande wake wa mstari. "Ukikirefusha kijiti hicho zaidi ya moja na nusu, ya tatu inakosa mlango. Ukizidisha nane na nusu, ya pili nayo inabaki nje. Kwenye nguo hatukati ukingoni kabisa, tunaacha nafasi. Ongeza tano."

"Tano kamili?"

"Tano kamili, kaka. Muda nao ni kitambaa, umebaki kidogo."

Alipomaliza, risasi mbili ziliingia, ya tatu ikabaki imekaa nje kama mtu aliyefungiwa geti. Fundi akaipiga kwa kiganja mara mbili. Haikusogea. Akakaa akakitazama kijiti chake, kisha akanakili zile namba za chaki ukutani juu ya meza. Barua yenye mhuri aliiandika kwa dakika kumi zilizokuwa ndefu kama foleni ya hospitali.

Walitoka saa tisa na dakika tano. Muuzaji alibeba sanduku begani, jasho likimtiririka hadi kwenye kizibao.

"Nisaidie walau hapa kwenye kilima!"

"Sheria, mwenye duka! Mimi ni wa ufunguo. Ungetia kijiti sahihi ungekuwa umeshakula."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili afisa alichukua risasi zake za chungwa. Moja. Mbili. Ya tatu aliisukuma kwa kidole gumba, akaisukuma kwa vidole viwili, akasimama akaisukuma kwa uzito wote. Iligoma. Akachomoa penseli kwenye nywele, akanakili namba ya bunduki, tarakimu moja moja.

"Miaka mitano, mama. Ukija mwezi ujao kuniambia umeona nzuri zaidi, sikujui."

"Nitakuja kukusalimia tu."

Mhuri ukashuka puu! Muuzaji akaegemea ukuta na kufumba macho.

Jumamosi uwanjani, wenzake wa timu walimzunguka kuitazama. Mmoja alisema haina urembo. Mwuza magodoro alisema bunduki nyeusi tupu ni ya kulinda ghala. Nahodha, mama mstaafu wa posta mwenye sauti ya kuita watu dirishani, aliwatawanya na kumwashiria Sentimita asimame mahali pake.

Kisahani cha kwanza kiliruka. Alipiga, akakikosa kwa mbali.

"Vipi tena?" nahodha akauliza. Mwuza magodoro akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Nimefumba jicho," Sentimita akasema, akianza kucheka mwenyewe. "Nilikuwa nalisubiri ganda. Kumbe limeshaondoka kwa upande wa pili."

Akatikisa mabega, akaipandisha, safari hii macho yote wazi.

"Rusha viwili!"

Viwili vikaruka, kimoja kikikimbilia kushoto, kingine kikipanda juu. Bega lilisukumwa taratibu, likasukumwa tena. Mawingu mawili ya vumbi yakaning'inia hewani, na maganda mawili yakalala nyasini, mbali na uso wake. Nahodha alifungua fomu ya mashindano juu ya goti, akasema, "Haya, nisomee namba ya leseni, polepole," na Sentimita akamsomea.